Mara ya kwanza niliipita Panama nikiwa londri

Mara ya kwanza kupita mfereji wa Panama nilikuwa londri. Yaani londri kweli, chumba cha kufulia cha meli ya kitalii, chini huko karibu na mashine, nimeinamia toroli la taulo za bwawa, na nilichogundua tu ni kwamba meli imetulia vile meli haitulii ikiwa baharini. Nikamuuliza jamaa wa mashine za kufulia, tumefunga gati ama? Akanijibu bila kuinua kichwa, "Tuko Panama, tunapanda." Nikasema ah, sawa, nikaendelea kukunja taulo. Nilipopata mwanya wa kutoka nje kupunga upepo ilikuwa usiku, tuko Pasifiki tayari, nyuma yetu taa za mji basi. Nikazipiga picha zile taa nikatuma kwenye grupu la familia, ndugu yangu akajibu, "Sasa hii ni Panama ama ni Nyali?"

Hilo lilinikaa rohoni. Mimi ni mtoto wa Likoni, Mombasa, nimekua nikivuka feri kwenda skuli, na meli kubwa ikiwa inaingia Kilindini feri inasubiri kwanza, basi unasimama pale jua linakuchoma, unatazama meli inapita karibu mpaka unasoma jina lake, na mimi kila siku najiambia iko siku nitakuwa huko juu nikiwatazama hawa wa feri. Sasa nimefika, na kumbe huko juu mimi niko chini! Wazee wetu husema enda tezi na omo marejeo ni ngamani, haya sisi wa kusafisha makabini tunalala ngamani kwelikweli, chini ya mstari wa maji, dirisha hakuna. Unaweza kuzunguka dunia yote ukarudi nyumbani unachojua ni bei ya sabuni kwenye duka la nje ya bandari.

Kontrakti ya pili nikapangiwa meli nyingine, nikaona kwenye ratiba Florida mpaka California kupitia Panama, nikaapa safari hii silali na londri siingii.

Lakini kuapa ni rahisi. Aliyenifungua macho ni wageni wangu. Katika makabini yangu 18 kulikuwa na wazee wawili, mume na mke, Waingereza wamestaafu, wana darubini mbili na kitabu cha ndege kimechakaa mpaka kimefungwa na mpira wa nywele. Wageni wengine asubuhi wanakuuliza kahawa, hawa wananiuliza "umewaona?" Nimewaona kina nani jamani. Mimi ndege niliokuwa nawajua ni kunguru wa Mombasa, ambao hakuna mtu anayehitaji darubini kuwaona, na shakwe.

Siku tuliyotoka Cartagena, Colombia, bibi akaniita kwenye baraza la kabini akanionyesha. Kulikuwa na ndege wanne hivi, mgongo kahawia kama chai ya rangi, tumbo jeupe, miguu manjano, wanaruka sambamba na meli bila kupiga mbawa sana, wanapanda upepo ule unaosukumwa na ubavu wa meli. Mimi nilidhani wanatufuata kwa sababu ya mabaki ya chakula. Sio. Meli ikipasua maji inawatisha panzi, wale samaki wa kuruka, na panzi akishatoka majini tu ndege anamshukia. Kwa hiyo sisi na mabwawa yetu ya kuogelea na kasino yetu, kwa wale ndege tulikuwa ni fimbo ya kupigia kichaka panya watoke. Mmoja akakunja mbawa akaingia majini kama mshale, akatoka, akajitikisa, akaendelea na safari. Kwa Kihispania wanawaita bobo, maana yake mjinga, kwa sababu zamani walikuwa wakitua kwenye sitaha za meli hawaogopi mtu, mabaharia wanawakamata kwa mkono na kuwapika.

Usiku huohuo nikakutana na mjinga mwenyewe. Nilikuwa napita sitaha ya wafanyakazi ile ya mbele, omo, saa tano usiku, nikaona kitu kimekaa pembeni ya mkebe wa kamba. Bobo. Taa za meli zilimchanganya akatua na sasa hawezi kuondoka, sitaha ina kuta pande zote na yeye anataka nafasi ya kukimbia ili apae. Nikajifanya fundi, nikavua sweta nikamfunika. Somo la kwanza nililipata hapo hapo kwa kidole changu cha kati, ule mdomo kingo zake zina meno madogo kama msumeno. Somo la pili akanitapikia kiatu. Sio kidogo, ni panzi wawili, mmoja bado mzima na mbawa zake, harufu yake ilikaa kwenye kiatu mpaka California. Nikampigia simu afisa wa mazingira wa meli, maana kwenye meli nyingi za kitalii siku hizi anakuwepo na kazi kama hizi ni zake, akaja na boksi la katoni na taulo, taratibu kabisa, akamshika mbawa kwanza zikiwa zimekunjwa, kichwa akakiacha mbali na uso.

Nilipata kumtazama karibu, kama sentimita 30 hivi. Mdomo rangi ya manjano iliyofifia, jicho halipepesi. Na nikaona kitu cha ajabu, hana pua. Yaani kwenye mdomo hakuna matundu kabisa, laini tupu kama kijiko. Asubuhi nikamuuliza mzee, akafurahi vile mwalimu anavyofurahi akiulizwa swali, akaniambia matundu ya nje yamezibwa kwa sababu anaruka kichwa mbele kutoka juu, maji yangempasua, kwa hiyo anapumulia pembeni mwa mdomo. Nikamwonyesha kidole changu, akasema hongera, wewe sasa umeandikishwa.

Bobo aliachiliwa alfajiri kabla sijaamka, niliambiwa tu.

Sasa mambo ya Panama. Usingoje siku yenyewe, hilo nawaambia nyinyi mnaoenda kwenye meli. Wiki moja kabla nilimuuliza supavaiza tunaingia saa ngapi, akaniambia kabla ya jua, na loki za kwanza, vile vyumba vya kupandishia meli, tutamaliza kama saa mbili unusu asubuhi. Nikahesabu. Nikamtafuta jamaa mmoja Mwindonesia wa korido ya jirani, nikamwomba anishikie shifti mpaka saa tatu unusu, akasema haya, unanipa nini, nikampa waifai yangu ya wiki nzima. Wiki nzima bila kuongea na nyumbani, ndiyo bei niliyolipa kuiona Panama. Yule mtu aliyeogelea mfereji wote mwaka 1928, Mmarekani anaitwa Richard Halliburton, alitozwa senti 36 kulingana na uzito wake, na meli kama yetu inalipa mamia ya maelfu ya dola, kwa hiyo sikujihurumia sana.

Saa kumi na nusu alfajiri niko omo na koti. Giza, joto, na kote taa za meli zimetia nanga zinasubiri zamu nje ya Colón, bandari ya upande wa Atlantiki, nyingi kama mji. Rubani akapanda. Hapa niseme, neno rubani siku hizi watu wanajua ni wa ndege, lakini kwetu pwani rubani ni wa chombo tangu na tangu, na rubani wa Panama sio kama wa bandari nyingine ambaye anamshauri tu nahodha, huyu akipanda ndiye mwenye meli mpaka mtoke upande wa pili. Kulipopambazuka nikawaona hewani, juu ya ukuta wa kuzuia mawimbi, ndege weusi wenye mbawa zilizokunjika kama herufi M na mkia wa mkasi, mbawa zao kuanzia ncha hadi ncha zinapita mita 2. Hawapigi mbawa. Wananing'inia tu.

Mzee alikuwa ameshanitayarisha. Wenyeji huko wanamwita tijereta, kutoka neno la mkasi, lakini mabaharia wa Kiingereza wa zamani walimwita manowari, na mimi nikacheka nikamwambia hilo neno mbona letu, kwetu manowari ni meli ya vita. Ni neno lilelile limesafiri. Na jina linamfaa, maana ni haramia, anamkimbiza bobo hewani anamvuta mkia mpaka atapike samaki, kisha anamdaka huyo samaki kabla hajafika majini. (Nikakumbuka kiatu changu.) Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba ndege huyu wa baharini hawezi kutua majini, manyoya yake hayazuii maji kama ya bata, akilowa vizuri ndio basi. Anaishi juu ya kitu asichoweza kukigusa. Jamaa zake wa huku kwetu Bahari ya Hindi, wa kisiwa cha Europa kwenye mlango wa Msumbiji, watafiti waliwafunga vifaa, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yakaonyesha wengine wanakaa hewani hadi miezi miwili bila kutua, wanalala hukohuko. Mimi nikikosa usingizi siku mbili naongea na ukuta.

Tukaingia loki za Gatún. Loki ni chumba cha zege chenye mageti mbele na nyuma, urefu mita 305 na upana mita 33 na nusu, na meli yetu upana wake ni mita 32 na kitu. Fanya hesabu mwenyewe. Kila upande inabaki kama urefu wa mkono wangu. Kuna loki mpya pana zaidi zilifunguliwa 2016 kwa meli kubwa, lakini sisi tulipita hizi za zamani, zilizoanza kazi tarehe 15 Agosti 1914.

Na sasa, kwenye huu mtambo wote, unajua wa kwanza kutupokea ni nani? Watu wawili kwenye kidau. Wanapiga makasia, wallahi, wanakuja mpaka chini ya omo ya meli yenye ghorofa kumi na kitu, wanaleta kamba. Tangu 1914 hawajapata njia bora zaidi ya hiyo. Kamba inavutwa, nyuma yake inakuja waya wa chuma, na ule waya umeshikwa na vichwa vya treni vidogo vya umeme vinavyotembea juu ya ukuta, wanaviita mulas, yaani nyumbu, wale wa kubeba mizigo sio wa Maasai Mara. Kazi yao sio kuivuta meli, meli inakwenda kwa injini yake, wao wanaishika isigonge ukuta. Wanapigiana kengele, ting ting, ting ting, na meli inaingia polepole mpaka unaona ukuta wenyewe unapita mbele ya pua yako, una michirizi ya rangi za meli zingine, nyekundu, bluu, kila iliyokwaruza imeacha saini yake.

Geti likafungwa nyuma. Halafu kimya. Hakuna pampu, hilo ndilo sikulijua. Maji yanashuka yenyewe kutoka ziwa la Gatún lililoko juu, kupitia mashimo chini ya sakafu, na dakika kumi hivi ukuta uliokuwa juu ya kichwa chako umekuwa chini ya miguu yako, unaona majani, unaona barabara, unaona mtu anakunywa soda. Mara tatu hivyo, unapandishwa mita 26. Kando yetu, kwenye njia ya pili, meli ya makontena ilikuwa nayo inapanda, nyuma yetu kidogo, na baharia mmoja juu yake akanipungia mkono. Nikampungia. Hata sijui kwao wapi.

Saa tatu na robo nikateremka kuvaa yunifomu, na hapo nilidhani nimemaliza, kumbe siku yenyewe ndio kwanza inaanza.

Kwa sababu nikifungua mlango wa kila kabini, mbele yangu kuna mlango wa kioo wa baraza, na nje yake kuna Panama. Nikaitazama Panama yote kwa vipande 18. Kabini ya kwanza ni ziwa, visiwa vya msitu ambavyo zamani vilikuwa vilele vya vilima, kabla hawajauziba mto Chagres na kuzamisha bonde lote. Nikatandika. Kabini ya nne, bado ziwa, tumbusi weusi juu wanazunguka, na manowari mmoja peke yake, akashuka mpaka usawa wa maji akachota kwa mdomo bila kutua, akapanda tena. Anakunywa maji matamu! Ametoka baharini akaja kunywa. Nilisimama na foronya mkononi mpaka mgeni akanikuta, nikaomba radhi, akasema hapana, tazama tu.

Hayo maji ndiyo habari yote ya Panama kusema kweli. Meli moja ikipita inaondoka na lita kama milioni 200 za maji matamu, yanaishia baharini, na ziwa hilohilo ndilo linalonywesha mji wa Panama na Colón. Mvua isiponyesha, mfereji unafunga mkanda. Mwaka 2023 El Niño iliwakaushia wale kabisa, wakapunguza idadi ya meli kwa siku, foleni nje ikawa ndefu, na El Niño hiyohiyo ndiyo iliyotuletea mafuriko sisi Kenya mwisho wa mwaka. Wao wanalia hakuna mvua sisi tunaokoa magodoro.

Kabini ya tisa nikamkuta mwenzangu, Mjamaika wa jikoni, korido haikuwa sehemu yake kabisa. Aliniomba tu dakika tano kwenye kabini isiyo na mgeni, tulikuwa tunaingia Culebra, pale walipoukata mlima. Mfereji unakuwa mwembamba, kingo zimekatwa ngazi ngazi, udongo mwekundu. Akasimama kwenye kioo akavua ile kofia ya jikoni, akaniambia babu wa babu yake alichimba hapa. Hakusema zaidi ya hapo na mimi sikumuuliza. Wafaransa walianza 1881, wakiongozwa na de Lesseps, yuleyule aliyesimamia kuchimba mfereji wa Suez, akidhani atachimba tu kama Suez kule jangwani, tambarare, bila loki. Mvua, maporomoko, malaria na homa ya manjano vikaua watu zaidi ya 20,000 na kampuni ikafilisika. Wamarekani walipochukua 1904 wakapiga vita mbu kwanza, na bado wakafa wengine kama 5,600, wengi weusi wa Barbados na Jamaica na visiwa vingine, ambao walilipwa kwa fedha wakati Wamarekani weupe wanalipwa kwa dhahabu, na hata dirisha la posta lilikuwa mbalimbali. Sisi tuliosoma habari za reli ya Mombasa na makuli walioijenga hatuhitaji kuelezwa sana. Dakika tano zikaisha akavaa kofia akarudi kwenye viazi vyake. Ile kabini niliitandika vibaya, mto mmoja niliusahau, nikaitwa kurudia.

Kitu kingine cha kuchekesha, mgeni mmoja mdogo, mtoto wa miaka kama kumi, alinionyesha dira kwenye simu ya babake, tunakwenda kusini mashariki. Sote tulidhani kutoka Atlantiki kwenda Pasifiki unaelekea magharibi. Pale nchi imejipinda, kwa hiyo upande wa Pasifiki uko mashariki zaidi ya tulikotoka. Kuna sehemu Panama unasimama unaona jua linachomoza Pasifiki.

Saa nane nikapata mapumziko nikakimbia omo. Tulikuwa loki za mwisho, Miraflores, tunashuka sasa, na pale chini ya geti la mwisho kulikuwa na mkutano. Mwari na yangeyange wamejipanga kando ya maji, wanangoja, kama watu wa Likoni wanavyongoja feri ifungue. Geti linapofunguliwa maji matamu yanachanganyika na ya chumvi, samaki wanababaika, na mwari wanajirusha mmoja mmoja kwa kishindo, hana adabu mwari, anadondoka kama gunia. Juu yao manowari, bila shaka. Wakati ule nikamwona mzee na bibi sitaha ya juu yetu, wananipungia kwa darubini, bibi ananionyesha kwa vidole: kumi na nne. Aina kumi na nne toka asubuhi. Mimi nilikuwa na saba na nilijiona bingwa.

Tukapita chini ya daraja la Amerika kama saa kumi kasoro, upepo ukabadilika, harufu ya matope, maana upande ule maji yanakupwa na kujaa mpaka mita 6, ufuo wote uko wazi kama Likoni bamvua, wakati upande wa Colón hata huoni tofauti. Saa kumi na moja nilikuwa kazini tena.

Waifai nilirudishiwa wiki iliyofuata. Nikamtumia mamangu sauti ya dakika tisa, nimeeleza kila kitu, kidau, nyumbu wa chuma, meli inapanda mlima kwa maji ya mvua, Mjamaika, mwari. Akajibu kesho yake, nasikia nyuma yake kuna mtu anakuna nazi.

"Alhamdulillahi mwanangu, nimesikia yote. Na yule ndege aliyekutapikia, mlimpa maji?"